Namna ya Kuchunguza Picha ya Mnato ya Filamu ya Zamani: Mfano wa Harry Lime Mlangoni

Miaka michache iliyopita nilinunua mtandaoni picha ya mnato ya filamu The Third Man, ile inayomwonyesha mwigizaji Orson Welles, kama mhusika Harry Lime, akiwa amesimama mlangoni usiku, kofia kichwani, koti lake jeusi limemezwa na giza, na uso peke yake ndio unaong'aa. Muuzaji alieleza kwamba ni nakala halisi ya mwaka 1949. Ilipofika niliiweka mezani, nikaigeuza, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimekwisha kujua kwamba karatasi ile ilitengenezwa miongo kadhaa baada ya filamu kuanza kuonyeshwa. Sikuirudisha, kwa sababu sura yake ni nzuri, na ndiyo iliyonilazimisha kujiwekea utaratibu huu ninaoueleza, ambao unafaa kwa picha yoyote ya mnato ya filamu za mafumbo za rangi nyeusi na nyeupe.

Kwa asiyeifahamu filamu yenyewe, iliongozwa na Carol Reed kutokana na kisa kilichoandikwa na Graham Greene, na mkuu wa upigaji picha alikuwa Robert Krasker, ambaye kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Oscar. Sehemu kubwa ya matukio ya nje ilipigwa Vienna mwishoni mwa mwaka 1948, wakati mji huo ulikuwa umegawanywa baina ya Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Wasovieti, na vifusi vya vita vilikuwa havijazolewa mitaani. Holly Martins, mwandishi wa riwaya za bei rahisi, anafika mjini kumtembelea rafiki yake Harry Lime, anaambiwa kwamba rafiki huyo amegongwa na gari na kufa, anawahi mazishi, kisha anaanza kuwahoji mashahidi ambao maelezo yao hayapatani. Takribani saa nzima inapita kabla Lime hajaonekana, na anapoonekana ndipo tunapoipata picha tunayoizungumzia.

Vifaa vinavyohitajika si vya gharama: rula, lenzi ya kukuzia, taa ya mezani inayoweza kuinamishwa, penseli laini, daftari, na kitaa kidogo cha miale ya urujuanimno, yaani kile kile ambacho wenye maduka hukitumia kukagua noti bandia. Kama inawezekana, uwe pia na filamu yenyewe kwenye kompyuta au simu ili uweze kuisimamisha mahali unapotaka. Osha mikono na uikaushe vizuri, kisha uishike picha kwa kingo zake, kwa sababu mafuta ya vidole huacha alama ambazo hazionekani leo lakini zitaonekana baada ya miaka kumi.

Hatua ya kwanza: anza na mgongo

Watu wengi huanza na uso wa mwigizaji, na kwa kufanya hivyo huwa wamekwisha kuvutwa na hadithi kabla ya kuichunguza karatasi. Igeuze. Picha za mnato zilitolewa na kampuni za filamu ili zitumike magazetini na kwenye majumba ya sinema, kwa hiyo mgongo wa nakala iliyotumika kweli mara nyingi una historia yake: mhuri wa gazeti wenye tarehe, karatasi ndogo ya maelezo iliyobandikwa kwa gundi, namba zilizoandikwa kwa mkono, au mistari ya penseli ya nta inayoonyesha mhariri alitaka sehemu gani ikatwe. Nakili kila kitu daftarini kama kilivyo, hata kile usichokielewa, na usijaribu kung'oa karatasi iliyobandikwa, kwa sababu karatasi hiyo huwa ndiyo ushahidi wenyewe.

Baada ya hapo ichunguze karatasi. Karatasi za picha za miaka ya 1940 zilikuwa za nyuzi tupu, hivyo mgongo wake unahisiwa kama karatasi nzito ya kawaida, na picha hupenda kujikunja kidogo kuelekea upande wenye sura. Karatasi zilizopakwa utando wa plastiki pande zote mbili zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970. Hizo zina mgongo laini unaoteleza na hukaa zimenyooka mezani. Nakala yangu iliteleza chini ya kidole kama kifuniko cha daftari la shule, na hilo peke yake lilitosha kuivunja hadithi ya muuzaji.

Kwa uthibitisho zaidi, ingia kwenye chumba chenye giza, uimulike pembeni mwa picha na mgongo wake kwa kitaa cha urujuanimno kwa sekunde chache, bila kukielekeza machoni. Viwanda vya karatasi za picha vilianza kutia kemikali za kung'arisha weupe katika miaka ya 1950, na kemikali hizo huwaka rangi ya buluu nyeupe chini ya miale hiyo. Karatasi inayowaka hivyo haiwezi kuwa ya mwaka 1949. Kinyume chake si hakika: karatasi isiyowaka inaweza kuwa ya zamani, au inaweza kuwa ya baadaye iliyotengenezwa bila kemikali hizo, kwa hiyo usishangilie mapema.

Alama nyingine ya umri hutafutwa upande wa mbele. Inamisha picha chini ya taa na uangalie maeneo meusi yaliyo karibu na kingo. Katika nakala nyingi kongwe utaona mng'ao wa kibuluu kama wa kioo, ambao hutokea pale chembe za fedha zilizounda picha zinapoathiriwa na hewa na kupanda juu ya utando. Ukishaulaza mwanga wa taa karibu usawa wa meza, utaona pia mikwaruzo, shinikizo la kalamu iliyoandika mgongoni, na mahali ambapo mafundi wa gazeti walipaka rangi kuzunguka kichwa cha mwigizaji ili asipotee kwenye giza wakati wa kuchapa. Mimi hupenda sana nakala zenye rangi hizo za gazetini, ingawa wanunuzi wengi huziita zilizoharibika.

Hatua ya pili: pima

Kipimo kilichozoeleka cha picha hizi ni inchi 8 kwa 10, yaani takribani sentimita 20.3 kwa 25.4. Kadi kubwa zaidi zilizotundikwa kwenye ukumbi wa kuingilia sinema zilikuwa inchi 11 kwa 14 na kwa kawaida zilitolewa kwa seti ya nane. Rula, hata hivyo, inatueleza jambo jingine muhimu kuliko ukubwa. Fremu ya filamu za wakati huo ilikuwa na upana ulio mara 1.37 ya kimo chake, ilhali picha ya inchi 8 kwa 10 iliyolazwa ina upana ulio mara 1.25 tu ya kimo. Fremu nzima ya filamu ikikuzwa hadi kufikia upana wa sentimita 25.4, kimo chake kitakuwa kama sentimita 18.5. Kwa hiyo, picha inayoijaza karatasi yote ya inchi 8 kwa 10 ama imekatwa pembeni, ama haikutoka kwenye filamu kabisa.

Ukiona namba ndogo nyeupe au nyeusi kwenye kona ya chini, iandike. Mara nyingi huwa na sehemu mbili: namba au herufi za filamu kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni, na namba ya picha yenyewe katika mfululizo. Nakala mbili zenye sehemu ya kwanza inayofanana zinaweza kukusaidia kuitambua filamu hata pale ambapo jina halikuandikwa popote.

Hatua ya tatu: amua ni kamera ipi iliyoipiga

Hapa ndipo wengi wanaporuka patupu. Picha ya mnato inayouzwa kama "tukio kutoka kwenye filamu" kwa kawaida ilipigwa na mtu mwingine, kwa kamera nyingine, aliyesimama kando ya kamera ya filamu. Shoti ikishakamilika, mpiga picha huyo aliwaomba waigizaji warudie mkao wao na watulie, akapiga, kisha kazi ikaendelea. Matokeo yake ni picha inayofanana na filamu bila kuwa sehemu yake, na ukiisimamisha filamu fremu kwa fremu huwezi kuipata.

Njia ya kutofautisha ni hii. Filamu ilipita kwenye kamera kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, na kila fremu ilipokea mwanga kwa takribani sehemu 1 ya 48 ya sekunde, kwa hiyo mkono unaopungwa au mguu unaokimbia huacha ukungu. Fremu yenyewe ni ndogo, hivyo ikikuzwa chembe zake huonekana kama mchanga chini ya lenzi. Kamera za mnato za wakati huo mara nyingi zilitumia negativi kubwa zaidi, ambazo hutoa picha yenye makali: nyuzi za koti zinahesabika, ukingo wa kofia haukutawanyika. Picha kali, iliyotulia, yenye mtu anayeonekana "anakimbia" bila ukungu wowote, ni picha ya kupangwa.

Isimamishe filamu mahali pa mlangoni na uziweke picha mbili kando kwa kando. Angalia pengo kati ya bega na nguzo ya mlango, mahali ukingo wa kofia unapokatiza giza, na mwelekeo wa macho. Kamera iliyokaa hata nusu mita pembeni itabadilisha pengo hilo, na hakuna fundi wa kukuza picha anayeweza kulibadilisha. Na ukiona chini ya lenzi nukta ndogo zilizopangwa kwa safu, usiendelee na zoezi hili: hiyo imechapwa kwa wino, yaani imekatwa kutoka kwenye jarida au kitabu.

Hatua ya nne: soma mwanga kabla ya kumsoma mtu

Hatua hii inastahili muda mrefu kuliko zote, maana katika filamu za mafumbo za rangi nyeusi na nyeupe mwanga ndio unaoamua nani ajulikane na lini. Finya macho hadi maelezo madogo yapotee na ubaki na mabaka matatu au manne tu ya weusi na weupe. Katika picha ya mlangoni utabaki na bonge moja kubwa la giza na doa moja la mwanga lililo juu ya katikati. Kisha ifunike sehemu hiyo ya mwanga kwa kipande cha karatasi. Mtu ametoweka kabisa. Kilichobaki ni mlango mtupu. Ndivyo ilivyo pia katika hadithi: kabla dirisha la jirani halijafunguliwa na kumwaga mwanga, Holly anapiga kelele kuelekea gizani bila kujua anazungumza na nani, na kitu pekee alichokiona mtazamaji ni paka aliyejilaza kwenye viatu vya mtu. Tumeshaambiwa na Anna, aliyekuwa mpenzi wa Lime, kwamba paka huyo hampendi mtu yeyote isipokuwa Harry. Mtazamaji anamtambua kwa paka, na mwanga unathibitisha.

Ondoa karatasi na uanze kufuata vivuli. Anza na kivuli cha pua: kinaelekea wapi, na ukingo wake ni mkali au umelainika? Endelea na kivuli cha ukingo wa kofia juu ya paji la uso, kisha kile cha kidevu shingoni. Vivuli vikali maana yake taa ni ndogo au iko mbali. Vivuli laini maana yake chanzo ni kipana au kiko karibu. Chora daftarini ramani ndogo ya juu: mlango, mtu, kamera, na mstari unaotoka kwenye pua kurudi nyuma hadi pale taa inapopaswa kuwa. Macho nayo yatakupa ushahidi, kwa kuwa kila taa kubwa huacha nukta nyeupe kwenye mboni, na nukta mbili zinamaanisha taa mbili.

Baada ya hapo jiulize kama taa uliyoichora inaweza kuwa ile inayodaiwa na hadithi. Filamu inatwambia kwamba mwanga ule ulitoka kwenye dirisha la jirani aliyeamshwa na kelele, ng'ambo ya mtaa. Mwanga unaotoka kwenye chanzo kidogo hupungua hadi robo kila umbali unapoongezeka mara mbili, kwa hiyo balbu ya chumbani isingeweza kuuvuka mtaa na kuufanya uso wa mtu uwe mweupe kama sahani. Ni taa ya kazi, iliyoelekezwa kwa shabaha kwenye uso na kuzuiwa isimwagike kwenye nguo. Kulijua hilo hakuipunguzii picha uzuri wake; kwangu mimi kuliuzidisha.

Ukipata picha nyingine za filamu hiyo, tazama mawe ya barabarani. Yanang'aa kwa sababu yalimwagiwa maji kabla ya kupigwa picha. Jiwe kavu huutawanya mwanga kila upande, lakini jiwe lililolowa huurudisha kama kioo pale taa inapokaa upande ulio mkabala na kamera. Kwa hiyo, kila unapoona barabara yenye michirizi meupe na mtu aliyebaki kivuli cheusi, andika: taa nyuma, maji chini.

Hatua ya tano: tafuta wima

Weka rula sambamba na ukingo wa picha, kisha uilinganishe na kitu unachojua kimesimama wima, kama vile nguzo ya mlango, kona ya jengo au mlingoti wa taa. Filamu hii inajulikana kwa kamera kuinamishwa upande mmoja, kiasi kwamba nyumba huonekana zikiteleza. Kama wima na mstari wa upeo vimelala pamoja kwa kiasi kile kile, kamera iliinamishwa. Kama picha ya mnato ina wima zilizonyooka ilhali tukio lile lile katika filamu limeinama, una ushahidi wa pili kwamba kamera zilikuwa mbili. Tahadhari moja tu: kamera iliyoelekezwa juu hufanya kuta zikaribiane kileleni, na hilo si mwinamo.

Hatua ya sita: usiamini jina hadi ulithibitishe

Maelezo yaliyobandikwa mgongoni yaliandikwa na watu wa matangazo, ambao kazi yao ilikuwa kuuza tiketi. Mfano mzuri upo ndani ya filamu hii hii. Karibu na mwisho, vidole vya Lime vinapenya kwenye chuma chenye matundu cha mfereji wa maji machafu na kujinyoosha kuelekea hewani katika mtaa mtupu. Ni moja ya picha zinazokumbukwa zaidi katika sinema ya Uingereza, na vidole vile ni vya mwongozaji, Carol Reed. Vivyo hivyo, sehemu ya matukio ya mifereji ilipigwa kwenye mandhari yaliyojengwa studio za Shepperton, karibu na London, kwa kuwa Welles hakupenda kufanya kazi chini ya ardhi ya Vienna. Ukiona mtu mwenye kofia na koti ndani ya handaki lenye maji, andika "mhusika Harry Lime" na usiandike "Orson Welles, Vienna" mpaka uso na ukuta viwe vimethibitishwa.

Mahali pa nje ni rahisi zaidi kupathibitisha. Mlango wa picha yetu bado upo Vienna, Schreyvogelgasse namba 8, na linganisho la nakshi za mlango, ngazi na pembe ya ukuta huchukua dakika tano ukiwa na picha za siku hizi za mtaa huo.

Hatua ya saba: hifadhi na uandike

Picha ya karatasi huchukia joto, unyevunyevu na plastiki mbaya. Iweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi au ya poliesta, kamwe isiwe mifuko laini ya PVC ambayo hunata na kutoa kemikali, kisha uilaze ndani ya boksi gumu mahali ambapo unyevu wa hewa uko kati ya asilimia 30 na 50. Kwa sisi tunaoishi pwani kiwango hicho ni ndoto kwa miezi mingi; la kufanya ni kuiepusha na ukuta wa nje na sakafu, kuweka vifuko vya kunyonya unyevu, na kulifungua boksi mara kwa mara kuangalia kama ukungu umeanza. Usiipige laminesheni. Najua kila stesheneri ina mashine hiyo na kwamba vyeti vyetu vyote vimepita humo, lakini joto na gundi yake havitoki tena, na picha iliyopita humo haiwezi kurudi ilivyokuwa.

Mwisho, andika maelezo kwenye karatasi tofauti itakayokaa pamoja na picha. Mgongoni weka namba tu, kwa penseli laini, karibu na ukingo, ukiwa umeilaza juu ya kioo ili shinikizo lisitokee upande wa pili. Maelezo yatenganishe ulichokiona, ulichokithibitisha na ulichoambiwa. Ya nakala yangu yanasomeka hivi:

"Namba 14. Mhusika Harry Lime, aliyeigizwa na Orson Welles, mlangoni usiku. Filamu: The Third Man, mwongozaji Carol Reed, Uingereza, 1949. Mahali kwa mujibu wa hadithi na nakshi za mlango: Schreyvogelgasse 8, Vienna. Sentimita 20.3 kwa 25.4, imesimama. Picha ya kamera ya mnato. Pengo la bega na nguzo halilingani na fremu yoyote ya tukio hilo. Taa moja kali kutoka mbele, juu kidogo. Karatasi yenye utando wa plastiki, inawaka chini ya urujuanimno: nakala ya baadaye. Mgongo hauna mhuri. Muuzaji alidai ni ya 1949."